Cheti Ndani ya Simu: Geti Linajuaje Kwamba ni Wewe?

Fundi mmoja wa kupiga lipu, Mtanzania mwenzetu anayekaa Rosettenville na kufanya kazi saiti moja kule Midrand, alitufuata na simu mkononi na swali moja tu: "Kaka, hela yangu iko salama?"

Tukamuuliza imekuwaje. Kampuni yao imeacha kugawa slipu za mshahara za karatasi. Kila mfanyakazi alitumiwa faili kwa barua pepe, jina lake linaishia na .p12, na neno la siri la kulifungulia akapewa mkononi kwenye kikaratasi. Akaambiwa aliweke faili kwenye simu, kisha afungue tovuti ya kampuni aone slipu yake: saa alizofanya, ovataimu, makato. Akaliweka. Akafungua ile brauza nyepesi anayotumia siku zote kuokoa bando. Tovuti ikamgomea, eti haijaona cheti. Akarudia mara tatu, wapi.

Mwenye nyumba alikuwa anataka slipu za miezi mitatu, kwa hiyo jamaa hakuwa na muda wa kubembeleza ofisi. Akaenda kwenye kibanda cha simu mjini. Kijana akachukua simu, akachukua na kikaratasi cha neno la siri, akalihamishia lile faili kwenye kompyuta yake, akahangaika nusu saa. Akatoza randi 150. Slipu ikafunguka. Lakini tangu siku hiyo simu ikaanza kuonyesha onyo juu ya kioo, "Network may be monitored", yaani mtandao wako huenda unachunguzwa na mtu. Na simu ni hiyohiyo anayotumia kila mwisho wa mwezi kutuma randi 2,500 Mbeya kwa mama watoto.

Tulikaa naye jioni nzima. Tunayaandika hapa kwa sababu mambo haya yatawafikia wengi wetu: kampuni za ujenzi, wakala wa kazi za ndani, hata waajiri wadogo wanahamishia kila kitu kwenye simu.

Kadi ya geti na kodi ya geti

Dada zetu wanaofanya kazi kwenye zile estate za Fourways na Sandton watalielewa hili haraka kuliko mtu mwingine. Kuingia getini kuna njia mbili. Ya kwanza, madam anakutumia kodi ya namba kwenye simu, unamtajia mlinzi, unapita. Kodi hiyo haijui wewe ni nani. Akiisikia mtu mwingine akaitaja kabla yako, atapita yeye. Ya pili, una kadi yako iliyosajiliwa kwa jina na picha, unaigusisha kwenye mashine, geti linafunguka. Asiye na kadi anabaki nje hata kama anajua majina ya watoto wa madam.

Kwenye mtandao ni vivyo hivyo. Unapofungua tovuti yoyote inayoanza na https, tovuti ndiyo inayoonyesha kitambulisho chake kwanza. Kitambulisho hicho kinaitwa cheti, na kinasema "mimi kweli ndiye mwenye jina hili la tovuti". Simu inakikagua, ikiridhika mazungumzo yanafungwa kwa siri, watu wa njiani wasiyasome. Wewe hujatambuliwa bado. Utatambuliwa baadaye, kwa neno la siri au kwa namba ya mara moja inayokuja kwa meseji. Hiyo ndiyo kodi ya geti.

Cheti cha mteja ni kadi. Hapa tovuti nayo inageuka na kusema: nimekuonyesha changu, na wewe nionyeshe chako. Simu inatoa cheti chenye jina lako kilichosainiwa na kampuni, na tovuti inakupa fumbo la papo hapo. Fumbo hilo linaweza kujibiwa tu na ufunguo wa siri uliomo ndani ya simu yako. Simu inajibu, ufunguo wenyewe hautoki. Kesho fumbo ni jingine, kwa hiyo aliyelinasa jibu la leo hana kitu mkononi. Ndiyo maana kampuni nyingi zinapenda njia hii: hata ukitapeliwa ukataja neno lako la siri kwa mtu, bado hawezi kuingia bila ufunguo huo.

Wakenya wameishi na wazo hili miaka mingi bila kuliita hivyo. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 haikutegemea namba ya siri peke yake. Kulikuwa na programu ndogo ndani ya laini yenyewe, na funguo zake zimo humo. Mtu akijua namba yako ya siri lakini hana laini yako, anakaa hivyohivyo.

Kwa nini brauza ya fundi iligoma

Kijana wa kibandani alimwambia simu yake ni ya zamani. Si kweli. Android imekuwa na kabati la kutunzia vyeti na funguo ambalo programu nyingine zinaweza kuliomba tangu toleo la 4.0, mwaka 2011. Simu ya fundi ilikuwa mpya kuliko hapo kwa mbali, na cheti kilikuwa kimekaa vizuri kabatini. Shida ilikuwa brauza.

Tovuti inapoomba cheti cha mteja, brauza ndiyo inayotakiwa kusikia ombi hilo, kwenda kwenye kabati la simu, kukuonyesha kidirisha cha kuchagua cheti, na kuomba ufunguo ujibu fumbo. Hakuna hatua inayojifanya yenyewe. Aliyetengeneza brauza lazima awe ameiandika. Chrome kwenye Android inafanya hivyo, na Safari kwenye iPhone inafanya pia. Lakini brauza ndogondogo nyingi zimejengwa juu ya kioo cha tovuti ambacho Android yenyewe inawapa watengenezaji, na kioo hicho kilipata mlango wa vyeti vya mteja kwenye Android 5.0, mwaka 2014. Tena mlango huo umefungwa tangu mwanzo: mtengenezaji asipoufungua kwa makusudi, ombi la cheti linakataliwa kimyakimya. Wewe unaona tu ukurasa umegoma. Kuiongezea brauza ya aina hiyo uwezo huu si kazi kubwa kwa fundi programu. Anahitaji kulipokea ombi, kuliita kabati la simu na kulirudisha jibu. Ila ni kazi ya mwenye brauza, si ya kijana wa kibandani, na wewe huna haja ya kumlipa mtu kwa hilo wakati brauza inayoweza tayari unayo ndani ya simu.

Kuna na sababu ya pili, na hii inahusu hela zaidi. Brauza za kubana bando kama Opera Mini, zikiwa kwenye hali ya kubana kabisa, haziendi kwenye tovuti moja kwa moja. Zinakwenda kwanza kwenye seva za kampuni ya brauza, seva hizo zinafungua ukurasa kwa niaba yako, zinaupunguza uzito na kukuletea. Ndiyo maana bando haliishi. Lakini fikiria: anayezungumza na tovuti ni seva ile, si simu yako. Ufunguo wako uko kwenye simu, seva haina, kwa hiyo fumbo halijibiki. Na kwa sababu hiyohiyo, ukiingia benki au kwenye huduma ya kutuma hela kupitia hali hiyo, kuna mtu wa tatu katikati ambaye kwake maandishi yanafunguliwa kabla ya kufungwa tena. Hatusemi anaiba. Tunasema habari za mpira soma hukohuko uokoe bando, ila mambo ya hela fungulia brauza ya kawaida au programu ya benki yenyewe. Kurasa za benki si nzito. Unachookoa hapo ni senti chache.

Vyeti viwili ambavyo havifanani hata kidogo

Sasa hapa ndipo kijana alipoharibu. Kuna cheti chako wewe, na kuna cheti cha anayetoa vyeti.

Cheti chako, lile faili la .p12 au wakati mwingine .pfx, kinabeba jina lako pamoja na ufunguo wa siri. Kukiweka kwenye simu hakumpi mtu uwezo wa kukuchungulia. Ni kadi yako ya geti, basi. Hatari yake ni kuibwa: mwenye nakala ya faili na neno lake la siri anaweza kujifanya wewe mbele ya kampuni.

Cheti cha mtoa vyeti ni kitu kingine. Huyo ni kama ofisi ya usajili. Simu inatoka kiwandani ikiwa na orodha ya watoa vyeti inaowaamini, na tovuti yoyote yenye cheti kilichosainiwa na mmoja wao inapita. Biashara hiyo ilipata kuwa na mtu mkubwa hapahapa Afrika Kusini. Mark Shuttleworth alianzisha Thawte mwaka 1995 katika gereji ya wazazi wake huko Cape Town, akiwa bado mwanafunzi, na mwisho wa mwaka 1999 akaiuza kwa VeriSign ya Marekani kwa dola milioni 575. Mwaka 2002 akapanda roketi ya Warusi kwenda angani kwa hela yake mwenyewe. Kuaminiwa na simu na kompyuta za watu wote kuna thamani ya namna hiyo.

Thamani hiyo wezi nao wanaijua. Mwaka 2011 mdukuzi aliingia kwa mtoa vyeti wa Uholanzi aitwaye DigiNotar, akatengeneza vyeti bandia zaidi ya 500, kimoja kikiwa na jina la Google, na watu wa Iran wakasomewa barua pepe zao wakidhani wako salama. Kampuni ikafilisika mwezi Septemba mwaka huohuo.

Ukimwongeza mtoa vyeti wako mwenyewe kwenye simu, umemwambia simu: yeyote ambaye huyu amemsainia, mwamini. Mwenye cheti hicho akiweza kukaa kwenye njia ya mtandao wako, tuseme kwenye waifai ya dukani, au kwenye mpangilio wa mtandao aliokuachia ndani ya simu, anaweza kukutengenezea tovuti ya benki yenye jina sahihi kabisa herufi kwa herufi, na brauza isipige kelele. Lile onyo la juu ya kioo lilikuwa linasema hilo. Hatujui kijana alikuwa na nia gani. Pengine alikuwa anabahatisha tu, akaweka kila alichokiona kwenye mtandao hadi slipu ikafunguka. Slipu ilifunguka kwa sababu alitumia Chrome. Cheti kile cha pili hakikuhitajika kabisa.

Habari njema ipo. Tangu Android 7.0 ya mwaka 2016, programu za kawaida, zikiwemo za benki, haziwaamini watoa vyeti walioongezwa na mtumiaji, isipokuwa mtengenezaji aliruhusu. Brauza kama Chrome inawaamini. Kwa hiyo fundi, ambaye alituma hela kwa programu, alikuwa na kinga ambayo angeikosa kama angetuma kwa kupitia brauza. Na tangu Android 11, mwaka 2020, programu haiwezi tena kukufungulia kidirisha cha kuongeza mtoa vyeti. Lazima uingie mwenyewe kwenye mipangilio ya simu. Ndiyo maana tapeli wa siku hizi anakupigia, anajiita mtu wa benki, na kukuongoza hatua kwa hatua: bonyeza hapa, sasa bonyeza pale, ukiona onyo jekundu usijali. Ukisikia mtu anakuelekeza kwa simu kwenye ukurasa wa vyeti, kata. Benki haihitaji uweke cheti kwa mkono. Programu yake inajitengenezea funguo zake yenyewe siku unapoisajili.

Hebu ishike simu yako sasa

Fungua mipangilio, nenda kwenye usalama, tafuta "Encryption & credentials". Kwenye Samsung imejificha ndani ya mipangilio mingine ya usalama, usichoke, au andika neno "certificate" kwenye sehemu ya kutafuta juu ya mipangilio. Ndani utakuta "Trusted credentials" yenye kurasa mbili. Ukurasa wa "System" una majina mengi ya ajabuajabu. Hao ndio wa kiwandani, waache. Ukurasa wa "User" kwa wengi wetu unatakiwa uwe mtupu. Ukiukuta na jina, jiulize nani aliliweka. Kama ni kampuni yako, ofisi itakuambia. Kama hakuna anayejua, liguse na ulifute. Cheti chako cha kazini hukikuti hapo; kinakaa kwenye "User credentials".

Kwenye iPhone ingia General, kisha "VPN & Device Management", uone kama kuna chochote kilichowekwa. Halafu rudi General, About, shuka mpaka chini kwenye "Certificate Trust Settings".

Waliopewa simu na bosi, au walionunua simu ya mkono wa pili, fanyeni hili leo. Simu ya bosi inaweza kuwa na mtoa vyeti wa ofisi kihalali kabisa, ni simu yake. Lakini basi usiitumie kwa hela zako. Ya mkono wa pili ifute yote irudi kama ilivyotoka kiwandani kabla hujaingiza hata namba moja ya benki. Na wewe ukiuza yako, fanya vilevile. Kufuta picha hakufuti funguo.

Kuhusu lile kufuli dogo la kwenye brauza, Chrome waliliondoa mwaka 2023 kwa sababu watu walidhani linamaanisha tovuti ni ya kweli. Kufuli lilikuwa linasema tu kwamba mazungumzo yamefungwa kwa siri na mwenye jina lile. Tapeli mwenye jina linalofanana na la benki anapata cheti bure na kufuli lake linang'aa kama la wengine. Soma jina la tovuti lenyewe.

Laini ya mtu mwingine

Fundi aliuliza: sasa benki inanijuaje, mbona sijapewa faili lolote? Benki nyingi za hapa zimeficha kazi hiyo ndani ya programu. Kampuni ya Entersekt ya Stellenbosch, iliyoanzishwa mwaka 2008, ilijijengea jina kwa jambo hilihili: kuweka cheti ndani ya simu ya mteja ili benki iitambue simu yenyewe, na ombi la "je, unakubali malipo haya?" lije kwa njia iliyofungwa badala ya meseji. Nedbank na Capitec ni kati ya benki zilizotumia kazi yake. Ukiona programu inakuuliza ukubali au ukatae, nyuma ya kitufe kile kuna ufunguo uliomo kwenye simu yako. Soma kiasi na jina kabla hujabonyeza, maana ufunguo unasaini chochote ulichokubali. Siku hizi kuna na zile funguo za kidole, ambazo Apple, Google na Microsoft walitangaza pamoja mwaka 2022 kwamba watazisambaza. Wazo ni lilelile, bila faili la kubeba mkononi, na haukubali kufanya kazi kwenye tovuti yenye jina la uongo.

Lakini benki zinazotuma namba kwa meseji bado zipo, na meseji inafuata laini, si simu. Hapa sisi wageni tuna udhaifu wetu. Tangu Julai 2009 sheria ya RICA inataka kila laini isajiliwe kwa kitambulisho na anwani, na wengi wetu tulipofika hatukuwa na karatasi, tukapewa laini iliyosajiliwa kwa jina la rafiki, au la muuza laini wa mtaani ambaye hata sura yake tumeisahau. Mwenye jina hilo ndiye mwenye laini kisheria. Anaweza kwenda dukani akasema simu imepotea, akapewa laini mpya, na meseji zako zote za benki zikaanza kuingia kwake. Kama una akaunti iliyofungwa kwenye laini ya namna hiyo, kusajili laini kwa jina lako mwenyewe ndiyo kazi ya kwanza ya siku yako ijayo ya mapumziko, kabla ya kufikiria vyeti. Na siku ukiibiwa simu, labda pale Noord wakati unapanda teksi, usianze na kununua simu nyingine. Azima ya mtu, pigia benki kwanza waiondoe ile simu kwenye akaunti yako, kisha mtandao wa simu waizuie laini.

Alichofanya fundi

Tulifuta mtoa vyeti asiyejulikana kwenye ukurasa wa "User". Onyo likaondoka. Tukaangalia mpangilio wa mtandao, hapakuwa na kitu kigeni. Akabadilisha namba ya siri ya benki na neno la siri la barua pepe, kwa sababu barua pepe alikuwa anaifungulia kwenye brauza. Salio lilikuwa sawa, na Mbeya walikuwa wamepokea hela ya mwisho kamili.

Kilichobaki ni lile faili kwenye kompyuta ya kibandani, pamoja na neno lake la siri. Kufuta cheti kwenye simu hakukusaidii hapo, kwa kuwa nakala ipo kwa mtu. Ilibidi aende ofisini aeleze, na aliogopa kuonekana mjinga. Dada wa ofisini hakumcheka. Alikibatilisha cheti cha zamani, tovuti ikaacha kukikubali kutoka kwa yeyote, akampa kingine kipya, na wakakiweka palepale kwenye dawati lake. Fundi akafungua Chrome, kidirisha kikaja, akachagua jina lake, slipu tatu zikafunguka. Kwenye moja aliona ovataimu ya Jumamosi mbili haikuandikwa, na hilo nalo akalianzisha hapohapo.

Cheti kipya kina muda wa mwaka mmoja. Kikiisha, tovuti itamgomea tena kama mara ya kwanza, na ameshaandika tarehe yake nyuma ya kalenda chumbani ili safari hiyo aende ofisini moja kwa moja.